Kumzoesha mtoto chekechea kwa hatua: tathmini ya huduma, na ya moyo wa mzazi ndani yake

Chekechea nyingi sasa hutoa kipindi cha kuzoesha. Mtoto mpya haachwi mlangoni asubuhi ya kwanza. Anaingia pamoja na mzazi, kisha mzazi anajitoa kidogo kidogo mpaka mtoto abaki na mlezi. Kuna wanaokifanya sawasawa siku zote, na kuna wanaokiandika kwenye karatasi ya maelekezo lakini siku yenyewe ikifika mzazi anaambiwa, "Mwache tu, atanyamaza." Tathmini hii ni ya huduma hiyo yenyewe: inavyofanya kazi ikiendeshwa vizuri, inapoharibika, na anachopata ndani yake mzazi anayekuja na furaha, hatia na wivu kwa pamoja.

Hukumu kwanza. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 3, chekechea isiyo na kipindi cha kuzoesha haifai, hata kama majengo yake yanapendeza na ratiba yake ni nzuri. Kwa mtoto wa miaka 4 au 5, toleo fupi la siku chache linatosha. Na ubora wa huduma hii haupimwi kwa kilio kukatika upesi. Unapimwa kwa mambo mawili: je, mtoto amepata mtu mmoja ambaye yeye mtoto anakubali kubembelezwa naye, na je, mzazi amehesabiwa kuwa sehemu ya kazi au kikwazo cha kuondolewa njiani? La pili ndilo husahaulika zaidi, na ndilo huponza mengine yote.

Inavyoendeshwa

Utaratibu unaofuatwa na wengi unatokana na ule unaoitwa mfano wa Berlin, uliotengenezwa Ujerumani miaka ya 1980 na Hans-Joachim Laewen, Beate Andres na Éva Hédervári. Msingi wake ni kazi ya John Bowlby na Mary Ainsworth kuhusu jinsi mtoto mdogo anavyojishikiza kwa watu wachache na kuwafanya ngome yake: anatoka kwenda kuchunguza, akitishika anarudi, akishatulia anatoka tena. Lengo la kuzoesha ni kumpa mtoto ngome ya pili katika jengo lile jipya kabla hajanyang'anywa ile ya kwanza kwa saa kadhaa.

Siku 3 za mwanzo mzazi na mtoto huja pamoja, saa ileile ikiwezekana, hukaa kama saa 1, huondoka pamoja. Hakuna kutengana hata kidogo. Mzazi huketi pembeni, mahali pamoja pasipobadilika, ili mtoto ajue pa kumkuta bila kumtafuta. Hamsukumi mtoto aende akacheze. Hamzuii anapokuja kushika goti. Hachezi na watoto wengine, wala haongei na mlezi muda wote, maana mlezi yuko pale kwa ajili ya mtoto. Simu inakaa kwenye begi. Hilo si suala la adabu tu: mtoto anapogeuka kumtazama mzazi anatafuta uso, na uso ulioinamia kioo cha simu haumjibu kitu.

Mlezi naye hamkimbilii mtoto kwa bashasha. Anasogea kwa mchezo, anaweka kitu karibu naye, anangoja. Nepi katika siku hizi bado hubadilishwa na mzazi huku mlezi akitazama jinsi mtoto anavyopenda kushikwa, anachoambiwa, anachokataa. Mlezi anayetumia siku hizi 3 kufanya kazi nyingine "kwa kuwa mzazi yupo" amepoteza nusu ya faida, na mara nyingi siku ya 4 humwonyesha hivyo.

Siku ya 4 ndiyo ya kipimo. Dakika chache baada ya kufika, mzazi anaaga waziwazi, anatoka, anakaa karibu na chumba mahali ambapo mtoto hamwoni. Muda wa juu kabisa ni dakika 30. Siku ya 4 ikiangukia Jumatatu, jaribio linasogezwa hadi Jumanne, kwa sababu mapumziko ya wikiendi humrudisha mtoto nyuma. Kinachotazamwa si kama mtoto analia. Kinachotazamwa ni kama anakubali kutulizwa. Akilia kisha mlezi akamchukua, akajilaza begani na baada ya muda mfupi akageukia kitu cha kuchezea, jaribio limefaulu na mzazi anaweza kubaki nje mpaka dakika 30 ziishe. Akilia na mlezi akashindwa kumtuliza ndani ya dakika 2 au 3, mzazi anaitwa arudi. Kurudi huko si kushindwa kwa mtu yeyote. Ni jibu la kipimo, nalo linasema njia ndefu ndiyo itakayofaa.

Njia fupi huchukua takriban siku 6. Njia ndefu huchukua wiki 2 hadi 3, na mtoto aliyeshindwa kutulia siku ya 4 hajaribiwi tena siku inayofuata. Husubiriwa hadi wiki ya pili, huku mzazi akiendelea kukaa chumbani. Katika siku zinazofuata mlezi huchukua shughuli moja baada ya nyingine: kulisha, kubadilisha nepi, kunawisha mikono, na mwisho kabisa kulaza mchana. Kulaza huja mwisho kwa sababu mtoto anayesinzia analegeza ulinzi wake, na hapo ndipo anapomtaka mtu anayemwamini. Ukiona chekechea inataka mtoto alale mchana hapo wiki ya kwanza, uliza kwa nini wana haraka.

Hatua ya mwisho ni pale mzazi anapoondoka kabisa katika eneo hilo lakini simu yake iko wazi na anaweza kufika upesi. Kipindi kinahesabiwa kimekwisha mtoto anapomwendea mlezi mwenyewe akiumia au akiogopa. Anaweza bado kulia mzazi anapoondoka. Kilio cha kuaga na kilio cha kukosa pa kushika ni vitu viwili, na mlezi mzoefu anavitofautisha: cha kwanza hukata ndani ya dakika chache na mtoto huingia mchezoni, cha pili huendelea kwa kunung'unika, mtoto anazungukazunguka mlangoni, anakataa kula, anashika begi lake muda wote.

Upo pia mfano wa München, unaohusishwa na Kuno Beller. Huo unawapa watoto wengine wa kundi nafasi kubwa zaidi, na kutengana kwa mara ya kwanza kunachelewa zaidi kuliko Berlin. Kwa mtoto mwoga wa mtu mzima mgeni lakini mwepesi kuvutwa na watoto wenzake, huu wa pili hufaa zaidi. Chekechea nzuri haijifungi kwa jina la mfano. Cha muhimu ni kwamba mtu anaweza kukueleza kwa nini leo ni dakika 10 na kesho ni 25.

Mtoto asiyelia

Hapa ndipo watoa huduma wengi hukosea, na wazazi pia. Mtoto anaingia, hageuki nyuma, hamwagi mzazi, anachukua kitu cha kuchezea. Kila mtu anafurahi, na kipindi cha wiki 2 kinakatwa kuwa siku 3. Kazi ya Ainsworth na waliomfuata ilionyesha kwamba baadhi ya watoto wanaoonekana kutojali mzazi anapotoka huwa hawajatulia hata kidogo. Wakipimwa, mapigo ya moyo wao yanapanda kama ya wale wanaolia. Kwa upande mwingine, mtoto anayemng'ang'ania mzazi na kupiga kelele mara nyingi ana uhusiano imara naye, ndiyo maana anadai. Huyo ndiye hutajwa kuwa "amedekezwa", na ndiye hukatiwa kipindi kwa ukali.

Mwaka 2004 Lieselotte Ahnert, Megan Gunnar, Michael Lamb na Martina Barthel walichapisha utafiti uliofuatilia watoto 70 wa miezi 15 walioanza kulelewa nje ya nyumbani. Mama walipokuwepo chumbani katika siku za mwanzo, watoto wenye uhusiano salama nao walikuwa na kiwango cha chini cha kortisoli, homoni ya msongo, kuliko wengine. Mama walipoanza kuondoka, kiwango kilipanda kwa watoto wote katika siku 9 za kwanza: asilimia 75 hadi 100 juu ya kile cha nyumbani. Jambo la kushika hapo ni lile la "wote". Uhusiano mzuri nyumbani haumkingi mtoto asione ugumu, na utulivu wa nje hauthibitishi utulivu wa ndani. Kwa hiyo mtoto asiyelia apewe siku zake zote. Mlezi amtazame katika mambo mengine: anakula kiasi gani, anacheza mchezo uleule kwa kurudiarudia bila kuchoka, anakubali kuguswa au anakakamaa, analala vipi usiku nyumbani.

Utafiti huo ulihusu watoto wadogo sana. Wa miaka 4 anaelewa "nitarudi baada ya mchezo wa nje" na anaweza kuibeba ahadi hiyo kichwani. Wasiwasi wa kutenganishwa huanza karibu na miezi 8, huwa mkali kati ya miezi 10 na 18 kwa watoto wengi, kisha hupungua kuelekea miaka 3. Ndiyo maana chekechea inayotumia utaratibu uleule kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu na wa miaka 5 inaendesha ratiba, haimtazami mtoto.

Sehemu ya mzazi, ambayo haimo kwenye ratiba

Mwaka 1985 James Sorce, Robert Emde, Joseph Campos na Mary Klinnert walichapisha jaribio ambalo kila mwenye chekechea angepaswa kulijua. Watoto wa mwaka mmoja waliwekwa juu ya meza ya kioo iliyoonekana kama ina shimo la kina kidogo katikati. Mama alisimama ng'ambo. Mama walioonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Mama walioonyesha uso wa hofu, hakuvuka hata mmoja kati ya 17. Mtoto akifika mahali asipopaelewa, anausoma uso wa mzazi wake ili ajue apaone vipi. Kizingiti cha chekechea ni mahali hasa pa namna hiyo.

Basi kumwambia mzazi "jikaze kisabuni, usimwonyeshe" hakusaidii. Mtoto anauona mdomo unaotabasamu na mikono inayobana bega lake kupita kiasi, na viwili hivyo havipatani. Kinachosaidia ni mzazi kupata muda wa kuziweka hisia zake mahali pake kabla ya siku ya 4, na hapo huduma nzuri hutofautiana na mbaya kwa umbali mkubwa. Iliyo nzuri huanza na mazungumzo ya dakika 45 hadi saa 1, kama wiki 2 kabla, mtoto asiwepo. Maswali yake hayaishii kwenye mzio na dawa. Yanaingia hapa: Wewe mwenyewe unaionaje siku hiyo? Nani nyumbani anaunga mkono uamuzi huu na nani ameukubali kwa shingo upande? Akilia ukiwa nje ya mlango, utataka tufanye nini? Mzazi aliyeulizwa hayo haji na roho juu asubuhi ile, kwa sababu jibu alishalitoa akiwa ametulia.

Hisia zenyewe si moja. Ipo furaha ya kumwona mtoto amekua, na ipo pamoja na huzuni ya jambo lilelile. Ipo nafuu: saa kadhaa bila mtu wa kuvuta nguo. Nafuu hiyo huzaa hatia papo hapo, na hatia ndiyo inayoharibu kuaga. Mzazi anayejiona amemtupa mwanawe hulipa deni hilo mlangoni: busu moja zaidi, kumbato moja zaidi, "haya basi, nikae dakika 2." Kila nyongeza inamwambia mtoto kwamba kulia kunaongeza muda, na pia kwamba mahali hapa huenda kweli si salama, mbona mama mwenyewe hawezi kuondoka. Dawa yake ni kulipa deni mahali pengine. Dakika 20 za kukaa na mtoto baada ya kumchukua, simu ikiwa mbali, hakuna kazi nyingine, zina thamani kuliko dakika 20 za mlangoni.

Wivu huja baadaye, mara nyingi wiki ya 3 au ya 4, mtoto anapoanza kutaja jina la mlezi nyumbani au kumkimbilia asubuhi bila kugeuka. Hapa mzazi anahitaji kuelezwa mapema kwamba hiyo ndiyo huduma aliyoijia. Mtoto hamgawi mama yake, ameongeza mtu. Kinachoharibu ni maswali kama "Unampenda nani zaidi, mimi au mwalimu?" Mtoto akishasikia swali hilo anajifunza kwamba kumpenda mlezi kunamuumiza mzazi, na anaanza kukataa kubembelezwa. Anahitaji ruhusa, na ruhusa ni lazima isikike kwa sikio lake: "Mwalimu atakubeba ukilia. Nimemwomba mimi." Sentensi hiyo, ikisemwa mbele ya mlezi siku ya 3 au ya 4, inafanya kazi kubwa kuliko vitabu vyote vya picha vinavyouzwa kwa ajili ya siku ya kwanza.

Na yule mzazi ambaye mtoto wake hakulia kabisa, akaumia kwa hilo? Naye ana haki ya kuumia, na mlezi mwenye utu anamweleza alichokiona chumbani: mara ngapi mtoto alitazama mlango, alivyokumbatia koti lililobaki. Hiyo ni habari ya kweli, si ya kufariji tu.

Machozi ya mzazi hayakatazwi. Mtoto akiyaona, apewe maneno yake: "Nina huzuni kidogo, na najua uko salama hapa. Nitakuja baada ya kulala mchana." Vikisemwa vyote viwili, mtoto anapata picha kamili. Mzazi akiona machozi hayazuiliki kila asubuhi, basi mtu mwingine ampeleke kwa wiki 2: baba, bibi, shangazi, yeyote ambaye mtoto anaagana naye kwa wepesi zaidi. Lakini awe mtu huyohuyo kipindi chote. Kubadilishana kila siku kunamlazimu mtoto kuanza upya.

Kuaga

Kuaga kukifanywa vizuri hakuzidi dakika 1. Mzazi anashuka hadi usawa wa macho ya mtoto, anasema anaondoka, anataja atakaporudi kwa tukio badala ya saa, wanafanya ishara yao ya kila siku (kugonganisha viganja, busu kwenye kiganja, chochote, ili mradi kisibadilike), kisha anamkabidhi mtoto mkononi mwa mlezi. Kukabidhi ni kwa mkono kweli, mwili kwa mwili, mtoto mdogo asiachwe amesimama katikati ya chumba. Halafu mzazi anaondoka na harudi kuchungulia dirishani.

Makosa ni matatu na yanajirudia kila mahali. La kwanza ni kuondoka kwa kunyata mtoto akiwa amezubaa. Inaonekana imefaulu: hakuna kilio. Siku inayofuata mtoto hachezi tena, anamlinda mzazi kwa macho, kwa sababu amejifunza kwamba akigeuka tu, mtu anatoweka. Walezi wanaomshauri mzazi afanye hivyo wanaazima utulivu wa leo na kulipa kwa wiki nzima. La pili ni kuuliza: "Niende?" Mtoto anajibu hapana, mzazi anaenda, na neno la mtoto limekuwa si kitu. Mwambie, usimwombe. La tatu ni kuchelewa kumchukua. Katika wiki 2 za kwanza, kama ulisema baada ya mchezo wa nje, uwe pale kabla mchezo haujaisha. Ahadi hiyo ndiyo inayofanya ya kesho iaminike.

Kitu cha kujituliza kutoka nyumbani, kile ambacho daktari wa watoto Donald Winnicott alikieleza miaka ya 1950 kuwa daraja kati ya mtoto na mama, kiruhusiwe bila masharti: kitambaa, mdoli, fulana ya mzazi. Kiwe na harufu ya nyumbani, kwa hiyo kisifuliwe usiku wa kuamkia siku ya kwanza. Mtoto akiwa ameshikamana na kimoja tu, nunua cha pili kinachofanana na uvibadilishe kila siku chache ili vyote viwe na harufu na uchakavu uleule. Kikipotea kimoja, msiba haupo. Chekechea inayokifungia kabatini "ili asikipoteze" haijaelewa kazi yake.

Inapoharibika

Kosa kubwa la upande wa mtoa huduma ni kuanzisha watoto wengi siku moja. Mlezi mmoja hawezi kuwa ngome mpya ya watoto 5 wanaolia kwa pamoja. Anaishia kumbeba anayepiga kelele zaidi. Utaratibu unaofaa ni mtoto 1 kwa mlezi kwa wakati, wa pili aanze baada ya wa kwanza kukubali kutulizwa. Hii inamaanisha tarehe za kuanza zinatawanyika kwa wiki nyingi, na usimamizi haupendi hilo kwa sababu nafasi zinakaa wazi. Uliza moja kwa moja: wiki ambayo mtoto wangu anaanza, wanaanza wangapi wengine kwa mlezi huyohuyo?

La pili ni zamu. Mlezi maalumu anapangiwa mtoto, kisha siku ya 5 yuko likizo. Chekechea makini humpanga mlezi zamu ya asubuhi kwa kipindi chote, na humwandaa wa pili tangu mwanzo, mtu anayeonekana chumbani na anayejulikana kwa mtoto, ili homa ya mlezi mmoja isivunje kila kitu. Wa kwanza akikosekana siku ya jaribio la kutengana, jaribio linaahirishwa.

Upande wa mzazi, linaloharibu zaidi ni kalenda ya kazi. Mtu anarudi kazini Jumatatu, anamwanzisha mtoto Jumatano iliyotangulia, na siku 3 hazitoshi hata kwa njia fupi. Tenga wiki 3 kamili, na ya 4 iwe ya kazi nyepesi kama inawezekana. Mtoto akizoea upesi, muda uliobaki hautapotea. Ukiukosa, mtoto atalazimishwa, na mzazi atakaa kazini mwili uko pale na moyo uko getini. Pia usipange mambo mengine makubwa mwezi huo: kuachisha nyonyo, kumfundisha choo, kumhamishia chumba chake. Kila moja linadai nguvu ileile.

Nyumbani, tarajia mtoto arudi nyuma kidogo: kukojoa kitandani, kuamka usiku, kung'ang'ania, hasira za jioni. Kulia anapokuja kuchukuliwa hakumaanishi aliteswa. Alijizuia kutwa, na sasa amemwona mtu anayeweza kumwachia yote. Usimsaili njiani. Swali la "umefanya nini leo?" ni pana mno kwa mtoto wa umri huo; baada ya kupumzika uliza kidogo na karibu, kwa mfano nani alikaa kando yake wakati wa kula. Usingizi usogezwe mapema: mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na kama saa ya kuamka itabadilika, isogeze kwa dakika 15 kila baada ya siku chache kuanzia wiki 2 kabla. Hayo yote yakidumu bila dalili ya kupungua baada ya wiki 6, au mtoto akiacha kula na kucheza hata akiwa nyumbani, kaa na mlezi, na ikibidi mwone daktari.

Begi lenyewe halihitaji maneno mengi. Seti 2 za nguo za kubadilisha, viatu anavyoweza kuvaa mwenyewe, suruali ya mpira kiunoni badala ya vifungo, jina kwenye kila kitu hadi soksi, chupa ambayo amejaribu kuifungua nyumbani. Mtoto anayeweza kushusha suruali yake bila msaada ana hofu moja pungufu.

Picha na ujumbe kwenye simu

Huduma nyingi sasa huja na programu ya simu inayotuma picha na taarifa za mchana. Kwa wiki 2 za kwanza inafaa, mradi iwe na kiasi. Ujumbe mmoja ndani ya nusu saa baada ya kuaga, wenye ukweli wa kupimika, ndio wenye thamani zaidi: "Alilia dakika 6, akakubali kubebwa, sasa anamimina maji." Ujumbe wa aina ya "Yuko vizuri kabisa!" haumtulizi mzazi, kwa sababu haumwambii kitu, na ukirudiwa kila siku kwa maneno yaleyale unazaa shaka.

Mtiririko wa picha mchana kutwa ni hasara. Mlezi mwenye simu mkononi hana mkono wa kumbeba mtoto, na mzazi anayepokea picha kila saa anajifunza kutotulia mpaka picha ifike. Ikichelewa dakika 20 anaingiwa na wasiwasi. Kabla ya kutia sahihi, jua pia nani mwingine anaziona picha hizo, zinakaa wapi, na kama zinafutwa mtoto akihama.

Nani aichukue, na aulize nini

Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 naipa huduma hii alama ya juu kabisa pale inapotimiza mlezi maalumu, watoto kuanza mmoja baada ya mwingine, na kipimo cha siku ya 4 kisichoharakishwa. Ikikosa kimojawapo, naishusha hadi wastani. Ikiwa mzazi haruhusiwi kuingia chumbani kabisa, iwe kwa sababu ya "usafi" au "kuwavuruga wengine", hiyo si huduma ya kuzoesha hata ikiitwa hivyo. Kwa mtoto wa miaka 4 na zaidi ambaye tayari amezoea kubaki na jamaa, ziara 2 za saa 1 kabla ya kuanza na siku 3 za nusu siku mara nyingi zinatosha, na usikubali kulipishwa zaidi.

Swali linalofichua mengi kuliko yote ni hili: mtoto akiugua wiki nzima kisha akarudi, mnafanya nini? Mafua ya mara kwa mara ni kawaida ya mwaka wa kwanza. Mtoto mdogo kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka si ajabu, kwa hiyo siku hiyo itafika. Wanaoijua kazi watasema wanarudi nyuma hatua moja, siku 1 au 2 fupi, mlezi yuleyule mlangoni, kisha wanaendelea. Wanaosema "ataendelea alipoishia" wamekuonyesha pia watakavyofanya baada ya likizo, baada ya mdogo wake kuzaliwa, na Jumatatu yoyote ambayo mtoto ataamka hataki kwenda.